Askari wa Risasi na Rangi Zao

Neno risasi lina maana mbili katika lugha yetu. Kwanza ni jina la madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo upesi motoni. Pili ni kile kipande kidogo kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa jina la madini. Maana ya pili imetokana na kazi ambayo binadamu aliyapa madini hayo.

Katika makala haya twapenda kueleza kazi nyingine ambayo madini hayo yalipewa. Twazungumzia askari wadogo, wengine wafupi kuliko kidole gumba, ambao husubuliwa kwa risasi na bati, wakapakwa rangi kwa brashi nyembamba, kisha wakapangwa mezani ili watu wawili wapigane vita visivyomwaga damu. Mchezo huo una wafuasi wengi Uingereza, nchi nyingine za Ulaya na Marekani, na miongoni mwao wako wanaopenda hasa vita vya Zama za Kati, yaani ile miaka elfu moja hivi baina ya karne ya 5 na karne ya 15.

Huenda mtu akasema kwamba huo ni mchezo wa watoto wa ng'ambo, nao haumhusu mwalimu. Twamwomba asubiri kidogo. Mwandishi wa historia aweza kusema kwamba askari walifika mtoni asubuhi, kisha akaendelea na maelezo yake. Lakini yule anayempaka rangi askari mmoja tu hawezi kuendelea mpaka amejua kanzu ya askari huyo ilikuwa ya rangi gani. Na kama hajui, hana budi kuamua. Kwa hiyo kazi hii ndogo yatuletea swali kubwa la elimu ya historia: mambo tunayoyasema juu ya watu wa kale, twayajuaje? Tena, ni watu gani ambao habari zao zimehifadhiwa, na ni wepi ambao habari zao zimepotea?

Asili ya askari wadogo

Miongoni mwa askari wadogo wa kale sana wanaojulikana wako waliotengenezwa katika bara letu. Mwaka 1894, huko Asyut nchini Misri, katika kaburi la Mesehti aliyekuwa mtawala wa jimbo hilo, yalipatikana makundi mawili ya askari wa mti. Kundi moja lina Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na la pili lina Wanubi 40 wenye pinde. Wamepangwa wanne wanne katika safu kumi, kila mtu ametanguliza mguu kama anayetembea. Walichongwa yapata miaka 4,000 iliyopita. Wamisri walipakwa rangi ya kahawia yenye wekundu, na Wanubi rangi iliyokoza zaidi. Ngao nazo zilitiwa mabaka kama ya ngozi ya ng'ombe, mabaka yasiyofanana. Hawa hawakuwa wa mchezo. Walizikwa pamoja na bwana wao ili wamtumikie katika maisha ya baadaye.

Askari wa mchezo wa mezani wana nasaba nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 18, mjini Nürnberg, Ujerumani, fundi Johann Gottfried Hilpert na jamaa zake walijipatia sifa kwa kusubu askari bapa wa bati. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alianzisha karakana yake mjini humo, na kimo cha milimita 30 hivi ambacho askari wake walipewa kikawa kipimo kilichofuatwa na wengi. Sura ya askari ilichongwa katika vibao viwili vya jiwe la sileti, vibao vikabanwa pamoja, kisha madini yaliyoyeyuka yakamiminwa katikati. Kazi ya kupaka rangi ilifanywa sana majumbani, na wanawake na watoto, kwa ujira mdogo. Yaani mkono uliomvika mfalme wa bati joho lake la dhahabu mara nyingi ulikuwa mkono wa maskini.

Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kusubu askari wenye uwazi ndani. Madini yaliyotumika yakapungua na bei ikashuka, hata watoto wengi zaidi wakaweza kuwa na jeshi lao. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari hao sakafuni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mchezo ulipata watu wazima walioushika kwa bidii. Mwaka 1962 Mwingereza Donald Featherstone alichapisha kitabu cha kuufundisha, na mwaka 1965 wapenzi wa vita vya kale na vya Zama za Kati waliunda chama chao huko Uingereza. Mwaka 1971 Wamarekani Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni ziitwazo Chainmail kwa ajili ya askari wa Zama za Kati; na kutokana na nyongeza yake ya mazimwi na wachawi ulichipuka mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974.

Namna ya kupaka rangi

Kazi yenyewe yahitaji subira. Kwanza askari husuguliwa kwa tupa ili kuondoa alama zilizoachwa na kalibu, huoshwa kwa sabuni, na hubandikwa kwa gundi juu ya kitako kidogo. Hupakwa rangi ya msingi, nyeupe au nyeusi, ili rangi zitakazofuata zipate kushika. Baadaye huja rangi ya uso na mikono, kisha ya nguo, ya ngozi, na mwisho ya chuma.

Hapo askari huwa amekwisha kuvaa, lakini bado hana uhai. Sababu ni kwamba mwili wake ni mdogo mno: mwanga wa chumbani hauwezi kufanya vivuli vya kutosha katika mikunjo ya nguo zake. Basi mpakaji hana budi kuvitengeneza vivuli hivyo mwenyewe. Huzimua rangi nyeusi au ya kahawia mpaka iwe nyepesi kama maji, akaiacha ikimbilie mabondeni. Kisha huchovya brashi katika rangi ya kung'aa, akaifuta kitambaani mpaka ikaribie kukauka, na kuipitisha juu juu ili iguse matuta peke yake. Mwishowe hupaka vanishi, kwani askari huyu atashikwashikwa na mikono ya wachezaji kwa miaka mingi.

Hayo yote aweza kujifunza mtu yeyote mwenye mkono mtulivu. Ugumu ulio mkubwa zaidi huja kabla ya brashi kuguswa, pale mpakaji anapojiuliza: rangi gani?

Rangi za wakubwa

Kwa mabwana wa Ulaya jibu hupatikana mara nyingi. Katika karne ya 12 mashujaa waliopigana wakiwa juu ya farasi walianza kuchora nembo za ukoo katika ngao zao, na baadaye katika kanzu na bendera, na kadiri chapeo zilivyozidi kufunika nyuso ndivyo nembo hizo zilivyozidi kufaa. Kanuni za nembo zilikuwa wazi. Ziliruhusu madini mawili, yaani dhahabu iliyopakwa kwa manjano na fedha iliyopakwa kwa nyeupe, pamoja na rangi chache kama nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Rangi haikuwekwa juu ya rangi, wala madini juu ya madini, ili nembo ionekane kwa mbali. Nembo ya ufalme wa Yerusalemu, misalaba ya dhahabu juu ya fedha, yajulikana sana kwa kuivunja kanuni hiyo.

Kwa hiyo mpakaji anayetaka kumfanya Henry V, mfalme wa Uingereza, kama alivyokuwa katika vita vya Agincourt tarehe 25 Oktoba 1415, hana haja ya kubuni nembo yake. Robo mbili za ngao ni maua matatu ya dhahabu juu ya buluu, nembo ya Ufaransa. Robo mbili nyingine ni simba watatu wa dhahabu juu ya nyekundu, nembo ya Uingereza. Desturi ya kuziunganisha nembo hizo mbili ilianzishwa na Edward III mwaka 1340 alipodai kiti cha enzi cha Ufaransa. Kadhalika ziko sanamu juu ya makaburi makanisani, ziko orodha za nembo zilizoandikwa na wapiga mbiu wa wafalme, na viko vitabu kama kile cha mashairi kilichohifadhiwa Heidelberg, ambacho kina picha 137 za rangi za mwanzo wa karne ya 14.

Ushahidi unaohitaji kupimwa

Hata hivyo, si kila rangi iliyo mbele ya macho yetu ni ushahidi. Kile kitambaa mashuhuri cha Bayeux, chenye urefu wa mita 70 hivi, kilitariziwa katika karne ya 11 kueleza jinsi Wanormani walivyoishinda Uingereza mwaka 1066. Ndani yake mna farasi wa buluu na wa kijani. Je, Wanormani walipanda farasi wa buluu? Hasha. Watarizi walikuwa na nyuzi za rangi chache tu, wakazitumia kwa kupendeza macho. Mpakaji atakayemfanya farasi wa buluu atakuwa mwaminifu kwa uzi, si kwa farasi.

Hatari nyingine ni ya wakati. Tarihi za Froissart juu ya vita vya karne ya 14 zilinakiliwa na kupambwa kwa picha nzuri mno yapata mwaka 1470. Katika picha hizo, watu waliopigana Crécy mwaka 1346 wamevikwa deraya za wakati wa mchoraji, yaani zaidi ya miaka 100 baadaye. Mchoraji hakukusudia kudanganya. Alichora vita kama alivyoviona katika siku zake. Nasi, tusipokuwa waangalifu, huwavisha wazee wetu nguo za zama zetu namna hiyo hiyo.

Yako pia makosa yatokanayo na mazoea. Wapakaji wengi huwapa askari wote wa Ulaya ya kale rangi moja ya uso, ile nyeupe yenye wekundu kidogo. Lakini katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, iko sanamu ya jiwe ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa yapata miaka ya 1240. Ni askari aliyevaa deraya ya pete za chuma, na uso wake ni wa Mwafrika mweusi. Mapokeo ya kanisa yasema kwamba Maurice alitoka Thebes, Misri, na wachongaji wa Magdeburg walimwona hivyo. Katika karne hiyo hiyo Kaisari Frederick II alikuwa na wapiga mishale Waislamu kutoka Lucera, nao walipigana upande wake huko Cortenuova mwaka 1237. Majeshi ya Zama za Kati hayakuwa ya sura moja kama mazoea yanavyotudanganya.

Rangi za wadogo

Sasa twafikia pahali pagumu. Katika jeshi la Henry V pale Agincourt, wapiga mishale waliwazidi mabwana wenye deraya kwa mbali sana. Majina ya baadhi yao yangalimo katika orodha za askari. Lakini walivaa rangi gani? Twajua amri ya mwaka 1385, iliyomtaka kila mtu wa jeshi la mfalme wa Uingereza avae msalaba mwekundu wa Mtakatifu George mbele na nyuma. Twajua pia kwamba nguo za kawaida zilikuwa za sufu, na kwamba rangi zake zilitoka katika mimea: buluu katika majani yaliyovundikwa, nyekundu katika mizizi, na manjano katika mmea mzima uliochemshwa. Rangi hizo hufifia kwa jua na mvua. Zaidi ya hapo, mpakaji amwazia tu mtu huyo. Ngao ya mfalme ilichorwa, ikaandikwa na kuchongwa katika jiwe. Kanzu ya mpiga mishale ilichakaa, ikawa kitambaa cha kufutia, ikaoza.

Ardhi nayo ina upendeleo wake. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la Mfalme Valdemar wa Denmark liliwashinda wakulima wa kisiwa cha Gotland mbele ya kuta za mji wa Visby. Wafu walizikwa kwa pamoja katika mashimo makubwa. Wataalamu walipoyachimbua katika karne ya 20 walipata mabaki ya watu zaidi ya 1,100. Wengine walikuwa wavulana, wengine wazee, na wengine walikuwa na vilema tangu kabla ya vita. Mafuvu kadhaa yalikuwa bado ndani ya kofia zao za pete za chuma. Kutoka huko twajifunza mengi juu ya deraya za wakati ule na juu ya majeraha. Rangi hatujifunzi. Chuma kilibaki, mifupa ikabaki. Nguo zilikwenda na rangi zake.

Basi historia ya rangi yatuonyesha sura ya historia yenyewe. Aliye mkubwa huhifadhiwa pamoja na nembo yake, na aliye mdogo huhesabiwa tu. Wapo wapakaji hodari ambao hulitambua jambo hilo. Humpaka bwana kwa rangi kali zilizo katika vitabu, lakini mkulima humpa kahawia, kijivu na buluu iliyofifia, wala hawampi wawili rangi moja, kwa sababu hawa hawakuvikwa na karani wa jeshi bali kila mtu alikuja na nguo yake ya nyumbani. Hilo nalo ni dhana, lakini ni dhana iliyofikiriwa, na mwenye kuifanya yuko tayari kukiri kuwa ni dhana.

Vita vidogo na vita vikubwa

Wells aliandika katika kitabu chake kwamba mtu akicheza vita vidogo mara tatu au nne, atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la upuuzi. Kitabu kilitoka mwaka 1913. Mwezi Agosti 1914 vita vikubwa vikaja, na ile maana ya pili ya risasi ikaimeza ya kwanza. Hatuwezi kusema kwamba mchezo ulizuia chochote. Wala hatuwezi kusema kwamba mchezo ndio ulioleta vita.

Hata askari wa risasi wa mezani hakuwa mtu wa salama. Madini hayo yakiingia mwilini ni sumu, hasa kwa mtoto anayetia vitu kinywani. Kwa sababu hiyo kampuni ya Britain iliacha kutengeneza askari wa risasi mwaka 1966, na katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi wa askari wa mchezo wa mezani walihamia michanganyiko ya bati isiyo na risasi. Siku hizi wengi hufanywa kwa plastiki, na wengine hutengenezwa nyumbani kwa mashine ndogo zinazopanga tabaka juu ya tabaka.

Faida kwa darasa letu

Mwalimu wa Kiswahili aweza kunufaika na habari hizi bila kununua kitu chochote kutoka ng'ambo. Udongo wa mfinyanzi uko, mkaa uko, na chokaa iko.

Kwanza, ziko faida za msamiati. Mwanafunzi anayemfinyanga askari wa kale atahitaji maneno deraya, chapeo, ngao, podo, ala, tandiko na hatamu, na maneno hayo yatakaa kichwani mwake kwa kuwa mkono wake umeyafanya. Vilevile atatambua kwamba majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametoka katika vitu: kijani katika jani, kijivu katika jivu, kahawia katika kahawa, manjano katika kiungo cha mchuzi, zambarau katika tunda. Hata rangi nyekundu iliyokoza twaiita damu ya mzee. Mara nyingi lugha yetu hailitaji jina la rangi bila kukumbusha kitu chenyewe, na mpakaji mwema naye haweki rangi bila kukiuliza kitu kilikuwaje.

Pili, iko faida ya historia, nayo ni kubwa zaidi. Mwalimu awaambie wanafunzi wafinyange watu wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Sare ya askari wataipata, kwani picha zake zipo. Kisha awaambie wafinyange mpagazi, yule aliyebeba chakula na marisasi mgongoni na kichwani, ambaye wenziwe walikufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Alivaa nini? Shuka yake ilikuwa ya rangi gani? Sanamu ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, yamwonyesha askari peke yake; ile ya Nairobi ina mpagazi pia, lakini ni ya shaba, na shaba haina habari ya rangi ya shuka. Mpagazi ameacha jina la mtaa, Kariakoo, lakini yeye mwenyewe hatumwoni vema.

Mwanafunzi akikwama hapo, brashi ikiwa mkononi, asiharakishwe. Aende nyumbani akamwulize babu au bibi kama kuna kumbukumbu iliyobaki katika ukoo. Akirudi na neno moja tu, liandikwe ubaoni. Na akirudi mikono mitupu, ajifunze kuandika chini ya kitako cha askari wake wa udongo: rangi hii nimeidhania.